Gwaride la Majembe

Baridi ya Julai ilikuwa imekaa juu ya Kimbo tangu asubuhi, ile ya ukungu mwembamba usioonyesha wala kupisha jua, na kufikia saa nane mchana benchi la Waceke halikuwa na nafasi. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya kujengea ya Ndarugu, mkabala na kinyozi. Mbele yake kuna jiko la makaa, birika, na Waceke mwenyewe, mama wa hasira za karibu, asiyekuuzia kahawa ya jana wala kukubali umuuzie uongo wa leo. Siku hiyo hakuwa na subira hata ya kuchemsha maji. Ile ploti aliyonunua nyuma ya stage ya matatu, iliyokatwa kutoka shamba kubwa la kahawa la wakati wa wazungu, ilikuwa imesimama wiki nzima msingi ukiwa nusu. Nyumba anayopanga kule Mwiki ilikuwa ibomolewe mwisho wa mwezi. Na fundi wake, Oluoch, alikuwa ameketi hapo hapo benchini, mikono katikati ya magoti, amekataa kurudi kazini.

— Waambie, Waceke akamwamuru. Waambie vile uliniambia mimi, na usiongeze chumvi.

— Mathe, haihitaji chumvi. Jioni tunafungia vyombo ndani ya kibanda cha mabati. Jembe, sururu, shoveli, zote na matope yake. Ufunguo nabeba mimi. Asubuhi kufuli iko vile vile, lakini vyombo viko nje. Vimeoshwa. Vimelazwa laini moja, mipini inaangalia upande mmoja, kuanzia refu mpaka fupi.

— Na maji hatujavuta kwa hiyo ploti, akasema Waceke.

— Si hiyo ndiyo nauliza. Wanaosha na nini?

Kinyozi Wainaina aliweka kikombe chini. Walimwita Gazeti, maana alisoma kila karatasi iliyopita mikononi mwake, hata iliyofungiwa mandazi.

— Huyo ni Jenerali, akasema, kama mtu anayemtaja jirani. Jenerali Harcombe, mwenye hilo shamba. Wazee walimwita Wamedali. Nishani kifua kizima, akitembea analia kama njuga. Alipigana Burma pamoja na vijana wetu wa Keya, lile jeshi la wakoloni, mfalme akamvisha kwa mkono wake. Vita ikaisha, akaja kulima kahawa hapa, lakini jeshi halikumtoka. Kila asubuhi wafanyakazi wanalaza jembe chini, yeye anapita na fimbo akikagua. Jembe yako ikiwa na udongo, siku hiyo huna posho.

— Kwa hivyo anakagua mpaka leo? Oluoch akauliza.

— Si unajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu alikuja mgeni, akakaa miaka yote, na hakuna mtu alimpa jembe. Sasa anajichukulia.

— Hiyo methali haisemi hivyo, akasema Waceke.

— Methali ni kama koti, mama. Inavaliwa na mwenye baridi.

Ephantus, mchomelea vyuma wa hapo kando, ambaye kila mtu alimwita Injinia isipokuwa wateja wake, alitikisa kichwa kwa huruma.

— Nyinyi mnapenda mizimu. Hiyo ni chuma tu. Mtu wa nishani hivyo akizikwa nazo, ni mzigo gani huo chini ya ardhi? Chuma inaita chuma. Usiku ardhi ikipoa, sumaku inaamka, jembe zinajipanga zenyewe. Haba na haba.

— Haba na haba nini?

— Hujaza kibaba.

— Na kufuli?

— Kufuli si pia ni chuma?

— Na kuoshwa?

— Umande, akasema Injinia, akanywa.

Aliyekuwa hajacheka ni Sajini. Jina lake ni Kisilu. Alitumikia jeshi mpaka magoti yakagoma, na sasa ni soja kwa geti la kiwanda kimoja Thika. Akizungumza huangalia mbele, si kwa mtu.

— Mimi nilipostaafu nilirudisha bunduki, nikavua kombati, nikaenda nyumbani. Jenerali harudishi kitu. Cheo anashuka nacho kaburini. Na huyo wenu nilisikia habari zake kambini. Aliagiza azikwe wima, uso kwa kahawa, asiache laini hata siku moja. Kwao Uingereza walizika sanduku lenye mawe. Yeye alibaki hapa, amesimama. Mkichimba huo msingi, shoveli moja siku moja itagonga kofia.

— Sajini, shoveli ni yangu, akasema Oluoch.

— Ndiyo nakuambia mapema.

— Wacheni kunitishia fundi, Waceke akafoka. Nilienda huko mwenyewe juzi alfajiri. Nikazikuta hizo takataka zimelala laini. Nikazipiga teke, zikatawanyika. Na niko hapa, nawauzia kahawa.

Hakuwaambia yaliyofuata. Alipoinama kuokota jembe moja alitupe mbali, mpini ulikuwa na joto. Si joto la jua, jua lilikuwa halijatoka. Ni lile joto ambalo kiti huwa nalo mtu akiinuka sasa hivi. Akalirudisha chini polepole, na kabla hajaondoka, yeye Waceke asiyeogopa hata askari wa kanjo, alilinyoosha lilingane na alama pale lilipokuwa limelala.

— Hamjasikia ya leo, akasema Oluoch. Jana jioni nilipofungia vyombo niliamua jembe yangu nilale nayo nyumbani. Nikasema hii hawataigusa. Leo nimepita tu kuangalia. Laini iko. Lakini katikati wameacha nafasi. Upana wa jembe moja. Imefagiliwa.

Hata Injinia alikosa chuma cha kusingizia.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama, na mchungaji Wilkister akashuka, Biblia ndani ya karatasi ya nailoni. Alikuwa mgeni mjini, ametoka pande za Kakamega mwezi uliopita, na benchi lile hakuwa amelijua. Waceke ndiye aliyemwita. Oluoch alikuwa ametoa sharti moja: ardhi yenye mwenyewe haichimbwi kabla mwenyewe hajaombwa ruhusa kwa jina lake. Aombwe leo, kesho kazi inaendelea.

— Hamjambo. Mama Waceke ni nani hapa?

— Ni mimi, mchungaji. Kaa, upate kitu moto.

— Nitakunywa tukirudi. Niambieni kwanza, naombea nini, na huyo mtu anaitwa nani.

Wakamwambia wote kwa pamoja. Gazeti akampa Burma, nishani na mfalme, na hata farasi wa Jenerali, na jina la farasi. Sajini akampa kaburi la wima. Mchungaji alisikiliza kama anayemsikiliza mgonjwa, kichwa upande. Kisha akauliza:

— Na huyo jenerali, akiwa hai, alikuwa anaosha jembe kwa mkono wake?

— Jenerali haoshi, akasema Sajini. Anaoshewa. Wanaopanga ni wale wengine. Yeye anakuja kuangalia tu.

— Sasa huyu anayeosha ni nani?

— Watakuwa ni wale wafanyakazi, akasema Gazeti, na sauti yake haikuwa ile ya kinyozi.

— Wanaitwaje?

Waceke alimwona Gazeti akitafuta kichwani. Mtu aliyejua jina la farasi. Alitafuta, akafungua mdomo, akaufunga.

— Hata mmoja? akauliza mchungaji.

— Walikuwa wengi, akasema Gazeti.

Waceke alifikiria ile nafasi iliyofagiliwa, wafanyakazi wale wakimngoja mwenzao mwenye jembe. Alfajiri kwa alfajiri wanaosha, wanalaza, wanangoja fimbo ipite. Mwenye fimbo amekwenda, shamba limekatwa ploti, mibuni imekuwa kuni, na hakuna aliyerudi kuwaambia wavunje laini waende nyumbani.

— Mathe, Oluoch akasema chini chini, tulikubaliana kwa jina. Bila jina sichimbi.

— Utachimba.

Waceke aliondoa birika jikoni, akafunga leso kiunoni.

— Mtu akikuoshea jembe wiki nzima na humjui, hufanyi maombi ya kumfukuza. Unamuuliza anaitwa nani. Amka twende tukawaulize.

Mchungaji alikubali kwa kichwa, akawa wa kwanza kuvuka barabara. Oluoch alisimama hapo hapo benchini.

— Na wakijibu?