Soksi za Sufu za Mzee Durali

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmempita ukingoni mwa mfereji, mkacheka. Mzee Durali wa mtaa wa wachuma pamba. Jua la Agosti linakaanga vichwa, mbwa wametoa ndimi nje, na yeye katumbukiza miguu majini, suruali kaikunja mpaka magotini, anafuma soksi nene za sufu.

"Mjomba Durali," watu walimtania, "unamfumia Ibilisi? Mbona kwake nako ni moto!"

"Ibilisi ana mkewe," alijibu bila kuinua macho. "Mimi nawafumia wenye baridi."

Mzee Durali amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na miwili. Kwa mliofungua redio sasa hivi, narudia: ni Durali, yule mfuma soksi.

Alikuwa na miaka ishirini alipoitwa jeshini. Mama yake alimpaka hina kiganjani, kama ilivyo ada ya kwao kwa kijana anayekwenda jeshini, kisha akamfungia jozi tatu za soksi za pamba. Pamba hiyo aliichuma mwenyewe, akaisokota mwenyewe. Katika nyumba ile pamba ilikuwa mkate, ilikuwa shuka, ilikuwa sanda. Nani angewaza kwamba pamba inaweza kumdhuru mtu?

Wakampeleka Kars, kituo cha mpakani, juu milimani kwenye theluji. Mkewe, Bi Esme, anakumbuka alivyokuwa akisimulia. "Aliniambia ukishika chuma cha bunduki kwa mkono mtupu, ngozi unaiacha hapo hapo. Na mkate waliupasua kwa shoka."

Rafiki yake huko alikuwa Sefer, kijana wa pwani ya Bahari Nyeusi. Sefer alikuwa mcheza ngoma. Hata kwenye foleni ya supu miguu yake haikutulia. Alikuwa na mchumba, na alikwisha kuapa kwamba ataongoza ngoma siku ya harusi yake.

"We mtoto wa jua," alimwambia Durali, "siku hiyo utacheza nami. Ukishindwa, utaosha masufuria."

Soksi za Sefer zilikuwa zimetoboka. Durali akampa jozi moja ya mama yake. Alitoa kwa moyo mweupe. Lakini pamba hunywa jasho, wasikilizaji wapendwa, na jasho likiganda, mguu uko ndani ya barafu.

Asubuhi moja ya Februari dhoruba ilimkuta Sefer lindoni. Wa kumpokea zamu alikuwa Durali, na Durali hakuweza hata kuuona mkono wake mwenyewe mlangoni. Theluji ilipotulia, karibu na adhuhuri, walimkuta Sefer amesimama, hawezi kuinua mguu. Wakambeba mpaka nyumba ya karibu, wakamlaza katika zizi la ng'ombe la Bibi Nazik, maana humo ndimo mlimokuwa na joto. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama nta. Wenzake wakakimbilia theluji wamsugue nayo, ndivyo walivyosikia kwao.

Bibi Nazik akawatandika kwa ufagio. "Tupeni huko! Aliyelowa mnamkausha kwa maji?" Kisha akaivuta ile soksi, akaipindua mkononi. "Pamba! Nani kamvika mtoto huyu pamba?"

"Mimi, bibi," akasema Durali.

"Basi fungua shati. Tumbo lako ndilo jiko lake."

Durali akalala juu ya majani makavu, nyayo za Sefer tumboni mwake, tangu adhuhuri mpaka jua kuchwa. Barabara ilikuwa imezibwa, daktari hakuweza kufika siku ile. Uhai ulipoanza kurudi miguuni uliuma, na Sefer akalia kama mtoto.

"Durali, nitacheza?"

"Utacheza."

"Apa."

"Naapa." Naye hakujua lolote.

Vidole viwili vilikatwa. Vinane vilipona. Na harusini Sefer aliongoza ngoma. Durali alisema alicheza kama bata, lakini alicheza.

Tangu siku ile ya zizini, kila alipopata ruhusa Durali alishuka kwa Bibi Nazik kujifunza kufuma. Wenzake wakamsumbua: "Bi harusi, sanduku lako la kuolewa nalo limejaa?" Hawakuchelewa kunyamaza. Kila mmoja alitaka jozi yake.

Aliporudi nyumbani, mama yake aliuliza juu ya soksi. "Zilitufaa, mama," akasema. Hakumwambia zaidi, mpaka mama akaingia kaburini.

Kwa zaidi ya miaka hamsini, kila vuli alituma jozi kumi na mbili kwenye kituo kile kile. Bi Esme anacheka huku anafuta machozi: "Nilidhani nimeolewa na mchuma pamba. Kumbe nimeolewa na kondoo."

Mzee Sefer amekuja kuzika. Alipovua viatu msikitini watu wakakazana kutazama pembeni. "Hesabuni tu, msione haya," akasema. "Vinane. Nimezeeka navyo."

Mwaka huu Durali ameacha jozi kumi na moja na soksi moja. Ya pili iliishia kisiginoni. Bi Esme ameiweka mapajani mwa Sefer. "Shemeji, hii ni yako kuimalizia." Sasa yule mzee anakaa ukingoni mwa mfereji, miguu majini, vitanzi vya uzi vinamponyoka sindanoni. "Durali angekuwepo," Bi Esme anasema, "angekufa tena kwa kucheka."

Tunawapa pole Bi Esme na binti zake, na Mzee Sefer aliyetoka mbali. Mwenyezi Mungu amlaze Durali mahali pema. Na wewe unayetusikiliza, kama umewahi kumuumiza mtu kwa nia njema, usikae unalitazama kosa lako. Lipe kazi ya kufanya.

Kifurushi kitaondoka kabla ya theluji ya kwanza. Askari utakayepata jozi yenye kisigino kimoja kilichopinda, usinung'unike. Ivae. Aliyeimaliza anajua thamani ya kidole.