Ukuta Wenye Uso wa Mkunga

Mgeni rasmi, Mkuu wa Majengo ya mji wetu,

KARIBU NYUMBANI
Tunasema nyumbani kwa sababu ulizaliwa humu, wodi ya wazazi, upande huu huu unaopigwa na jua la jioni. Mkunga aliyekupokea ndiye huyo aliyeketi kuliani kwako. Anasema ulikuja umekunja ngumi, ukakataa katakata kuzifungua.

TULIKOTOKA
Sisi ni wauguzi, madobi, fundi wa maabara na mchoraji mmoja. Jua lilipozidi ukali mwaka hadi mwaka, ukuta huu uligeuka kikaango. Wazazi walitundika shuka mbichi madirishani, na bado watoto walitoka vipele. Mchoraji akasema, "Basi tuuchore kivuli." Tulicheka, isipokuwa fundi wa maabara. Yeye alikata jani la mmea mmoja utambaao, akavilea vipande vyake kwenye chupa mpaka kila kipande kikawa mche. Madobi wakashona mifuko ya shuka kuukuu, tukaitundika ukutani na kuipanda miche kwa kufuata uso aliouchora mchoraji: penye giza la uso tukaibananisha, penye mwanga tukaiachia nafasi. Akatokea mkunga wetu, mzima mzima.

Alipojiona alisema, "Pua hiyo si yangu, ila nimewasamehe."

MAFANIKIO, NA YALIYOTUKUTA
Wodi ilipoa. Wazazi wakaanza kupata usingizi hata mchana. Tukavimba vichwa, na majivuno yakatuponza: miche yote ilikuwa ya mama mmoja, ule mmea wa kwanza, hivyo ugonjwa uliompata mmoja uliwapata wote. Uso ulikauka mkunga mwenyewe akiutazama, nasi tulilia kama waliofiwa. Lilibaki jicho la kushoto tu. Chupa za miche zilipopungua wakati wa kupanda, mchoraji alikuwa amechomeka pale mche wa aina nyingine kutoka dirishani kwa dada yake, na tulikuwa tumemsema kutwa nzima kwamba ametuharibia kazi. Tumemwomba radhi, ingawa bado anatukumbushia. Sasa tunalea miche ya mama mbalimbali, na uso unarudi. Limebaki shavu.

OMBI LETU
Tumeambiwa ukuta utabanduliwa na kupakwa rangi nyeupe. Makopo yameshafika. Yako nyuma ya kiti chako. Tumeyafunika kitambaa na kuweka maua juu ili yasikutie aibu. Hatumlaumu aliyeagiza, huenda alipita siku ile uso ulipokauka.

Mkunga haoni vizuri siku hizi. Kila asubuhi huupapasa ukuta, akatuonyesha panapohitaji maji. Hatujampa habari za rangi. Mama, tuwie radhi, umezisikia hapa.

Mgeni rasmi, chupa iliyo mezani kwako si ya maji ya kunywa. Ndani yake mna mche wa shavu. Tunakuomba uupande wewe mwenyewe, na hila yetu tunaisema wazi: hakuna fundi atakayethubutu kupaka rangi juu ya kazi ya mkono wako.

Ulipozaliwa, mkunga alingoja mpaka ukafungua ngumi. Leo anangoja tena, na safari hii tunangoja naye.

Mungu akujalie kivuli mchana na usingizi usiku, wewe na uwapendao.

Ni sisi watoto na wadogo zako,
Walezi wa Ukuta wa Wodi ya Wazazi