Duara la Leonia na Kalamu Nyekundu ya Bwana Dismasi

Asiyefundishika ni mtu ambaye, baada ya kufundishwa ipasavyo na kwa muda wa kutosha, bado hapati ujuzi aliofundishwa. Maana hii ina sharti moja jepesi kusahaulika: lazima kwanza awe amefundishwa. Bwana Dismasi Buchumi, anayestaafu Jumatano, tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, ameandika neno "Hafundishiki" kwenye mafaili mia sita na kumi na mawili bila kusumbuliwa na sharti hilo hata mara moja.

Alijiunga na shirika letu mwaka 1973 akiwa fundi cherehani hapa Ujiji, akapanda hadi mkufunzi. Wakimbizi wa Burundi walipofurika mwaka 1993, alipewa kazi ya kuwasaili waombaji wa mafunzo ya ushonaji kambini. Gari lilimchukua nyumbani kwake, mtaa wa Buzebazeba, kila Jumatatu na kumrudisha Ijumaa, na halikuwahi kumsubiri. Haki yake apewe pia: mvua za mwaka ule wa kwanza zilipowakuta watu hawana paa, aliketi kwenye cherehani siku nne akiunganisha maturubai, na hakuna aliyemwomba.

Usaili wake ulikuwa mfupi. Mwombaji alipewa mkasi na ukurasa wa gazeti, akate duara la ukubwa wa sahani, mara moja tu. Kama mwombaji amewahi kushika mkasi au la, hilo halikuulizwa. Lingeharibu usafi wa kipimo. "Mama huyu hapana," alizoea kusema, kalamu nyekundu tayari mkononi. "Mkono umeshakataa."

Busara hiyo hakuwanyima wengine wala hakujinyima mwenyewe. Ingawa ni Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi ni majirani wanaoazimana chumvi, alitangaza mapema kwamba yeye si mtu wa kujifunza lugha ukubwani. Kwa miaka kumi na mmoja Bonifasi, mkalimani wetu, akamtafsiria kila sentensi.

"Mzee Dismasi, umecheka kabla Bonifasi hajafungua mdomo!" Melania wa stoo alimtania siku moja.

"Nimecheka kwa adabu tu, mama," alijibu. "Kuelewa, sijaelewa."

Leonia alifika mwishoni mwa 1996 kwa boti, kutoka ufukwe wa Burundi, ambako alizoea jembe na kurekebisha nyavu. Mkasi aliushika mara ya kwanza mbele ya Bwana Dismasi. Duara lake lilitoka na pembe tano. Bwana Dismasi, mwalimu hata anapokataa kufundisha, alilibandika ukutani na kuandika chini yake: "Mfano." Kisha, kwa huruma, akamtafutia Leonia kazi ya kufagia chumba kilekile.

Kwa miaka sita Leonia alifagia chini ya kosa lake. Vipande vya magazeti alivyopaswa kuvitupa alivikata kwanza, wakati wa chakula cha mchana, kwa mkasi mbovu aliopewa na Melania. Melania alipomuuliza kama ile karatasi ya ukutani haimuumizi, alijibu: "Dada, ile inasema nilikata vibaya siku ile. Siku ile tu. Mimi nina siku nyingine."

Mwaka 2002 mkufunzi wetu Safina aliugua malaria katikati ya kazi ya sare mia nne za shule. Leonia akaweka ufagio chini, akakata kola zote. Bwana Dismasi alizipima kwa rula, moja baada ya nyingine, na hakuikataa hata moja. Siku mbili alitafakari, kisha akatoa hitimisho: gazeti la mwaka 1996 lilikuwa na unyevu. Leonia alifundishika tangu mwanzo. Karatasi ndiyo iliyodanganya. Hivyo kila kitu kikabadilika, isipokuwa mawazo ya Bwana Dismasi na neno jekundu kwenye faili.

Safina sasa anahama, na Leonia, anayeshona nasi tangu sare zile, ameomba nafasi yake ya ukufunzi. Kanuni yetu husema kwamba aliyeandikwa "Hafundishiki" hawezi kufundisha mpaka msaili aliyeandika asahihishe kwa mkono wake mwenyewe. Msaili akishaondoka, faili hufungwa kama lilivyo, na Leonia atarudi kwenye ufagio. Faili hilo lipo mezani kwa Bwana Dismasi tangu Mei. "Nitaliangalia," husema, akilihamisha kutoka kushoto kwenda kulia.

Wakati huohuo, suti atakayovaa kwenye sherehe ya kumuaga, katika ukumbi wa Kasingirima, aliagiza ishonwe na Leonia. Alipoijaribu mbele ya kioo aligeuka mara tatu. "Huyu fundi anajua!" alimwambia Melania.  Leonia alikuwa ameongeza mfuko mmoja mdogo wa ndani, usioagizwa, wenye kipimo cha kalamu.

Bwana Dismasi, tunakushukuru kwa mafaili yasiyopotea, kwa asubuhi zisizochelewa na kwa yale maturubai. Ustaafu wako uwe wa afya na amani, na majirani wakuchekeshe kwa Kirundi bila mkalimani. Ofisi itafungwa Jumatano saa tisa na nusu alasiri. Kwetu limebaki swali moja, ambalo kipimo cha gazeti hakikuwahi kulijibu: mtu aliyekwisha kuuvaa ushahidi mwilini, je, ndiyo kusema amekwisha kuukubali?