Mzee Bahari na Chokaa ya Birika

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Bahari, mkemia mkuu wa maabara yetu ya mawe, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike jambo la kuchangamsha. Nitajitahidi, ila sote hapa tumechoka, na aliyetuchosha ni yeye.

Jina la Bahari alilipata kwa ubishi. Jiwe la chokaa la visiwani huanza likiwa na madini ya strontiamu kwa wingi. Likigeuzwa na maji ya mvua, strontiamu hupungua. Likigeuzwa na maji ya bahari, hubaki. Vipimo vyetu vilionyesha imebaki, naye akashikilia kwamba ni kazi ya bahari. Alilitetea hilo mikutanoni, kantini, hata kwenye foleni ya choo. Lilimpa cheo na heshima.

Mwaka jana mkewe alichoshwa na birika lililoganda chokaa, akamtuma akanunue jipya. Badala ya kwenda dukani, mzee wetu akalileta lile bovu kazini, akakwangua chokaa na kuipima. Ilijaa strontiamu. Maji ya kwake na ya maabara yanatoka bomba moja, na tangu mtambo wetu wa kusafisha maji uharibike, miaka mingi iliyopita, tulikuwa tukisuuza unga wa mawe kwa maji ya bomba na kuuacha ukauke nayo. Yaani strontiamu tuliyokuwa tukiipima ilitoka bombani, si kwenye jiwe.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kufunga mdomo, akala keki yake ya kuagwa na kwenda zake. Asubuhi iliyofuata alitukusanya, akasema kazi yote irudiwe kwa maji safi ya kununua, akavaa koti na kuanza kusaga. Tulinung'unika sana. Fundi wa mashine alilalamika kwamba mgongo unamuuma. Akapewa kinu na kiti, asage akiwa ameketi.

Vipimo vipya vimekamilika. Ni mvua. Ripoti ya kukanusha msimamo wake ameiandika mwenyewe, akatusomea hadi mwisho. Nilimwonea uchungu, na sijawahi kumheshimu kama siku ile.

Asante, Mzee, kwa kutuchosha kwa jambo la haki. Nenda kapumzike, uwe na afya na siku njema nyingi. Zawadi yako ni birika jipya. Tafadhali mfikishie mama. Mwaka mzima sasa anachemshia chai kwenye sufuria.