Naftaly Kweyu, Aliyeweka Ufagio Chini Mgeni Alipobisha

Marehemu Naftaly Kweyu alizaliwa tarehe 14 Mei 1981 mtaani Ziwani, Nairobi, kifungua mimba wa hayati Mzee Mulama na Mama Ayuma, aliyeuza chapati na maharagwe. Kazi ya Naftaly ilikuwa kuosha sahani wateja wakipungua, ili saa ya chakula ikifika sahani zisubiri watu, si watu kusubiri sahani.

Alisomea Ziwani, akapata stashahada ya kompyuta mwaka 2003.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika saiba, duka la huduma za intaneti, ya Magan, Eastleigh. Kompyuta zilikuwa kuukuu, zikijikokota, na Magan alikuwa ameapa kuziuza kama vyuma chakavu afungue duka la mapazia. Naftaly aliona kasoro. Mfumo ulingoja mteja ahitaji nafasi kwenye kumbukumbu ndipo ufute yaliyoachwa na aliyetangulia, ilhali mteja alipokuwa akiwaza neno la kuandika, prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikaa bure. Akaandika programu ya kufuta wakati huo wa bure.

"Ni sahani tu, bosi," alimwambia Magan.

Alisahau jambo moja: programu ikishaanza kufuta, haikukoma hadi imalize. Jacklyne Nangila, aliyekuwa akiandika barua ya kuomba kazi, alibonyeza vitufe, kioo kikaganda.

"Kwani mashine yako inafanya nini?"

"Inasafisha, dada."

"Mgeni amebisha hodi na bado inafagia? Si iweke ufagio chini kwanza!"

Saiba nzima iliangua kicheko. "Wallahi, nimwajiri huyu!" akasema Magan.

Naftaly alirekebisha: kitufe kikiguswa, usafi usimame papo hapo. Mashine zikachangamka, Magan akasahau mapazia. Jacklyne alishamaliza barua, lakini alirudi.

Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 2006, wakahamia Lucky Summer, wakajaliwa binti, Ayuma, aliyepewa jina la nyanya yake. Binti akiita, Naftaly aliacha alichoshika, hata mwiko. Ugali uliungua mara nyingi.

Mwaka 2024 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo. Tarehe 6 Juni 2025, wodini, alikuwa akikunja shati akimngoja daktari. Jacklyne alipoingia, aliliweka chini. Walicheka pamoja hadi akasinzia, asiamke tena. Shati lingali vilevile, nusu limekunjwa.

Ameacha mjane Jacklyne, binti Ayuma, mama yake mzazi, Mama Ayuma, na rafiki yake Magan.

Usafi umetosha, Naftaly. Weka ufagio chini, upumzike kwa amani.