Saa Moja ya Kiitaliano Kila Jumamosi

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto wanne wa mama mshonaji na baba karani wa posta.

Alimaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaingia chuo kikuu. Somo lake kuu lilikuwa jiografia. Somo dogo, lugha na utamaduni wa Kiitaliano. Baba akamuuliza, "Sasa mwanangu, hicho utaongea na nani?" Akajibu, "Nitampata tu, baba." Akampata kweli. Darasa lilikuwa na wanafunzi wawili: yeye na kijana mpole ambaye baadaye aligeukia udaktari wa meno.

Alichora ramani katika ofisi ya ardhi kuanzia 1984 hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 7 Juni 1986 aliolewa na fundi saa, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele. Mhadhiri wa Kiitaliano alikuwa amewaapisha dada na mwenzake wa darasa wasiiache lugha ikafa, basi kila Jumamosi saa kumi alasiri daktari huyo wa meno alifika, wakakaa sebuleni saa nzima, Kiitaliano kitupu. Shemeji, akiwa chumba cha nyuma kwenye meza yake ya kazi, aliambulia vicheko tu.

"Mnacheka nini?"

"Ah, mume wangu, kikifasiriwa hakichekeshi."

Hilo lilimkereketa. Mwaka 1989 akaanza kusogeza saa ya ukutani mbele dakika ishirini kila Jumamosi. Ikigonga kumi na moja, huyo anatokeza: "Daktari, muda umekwisha. Karibu tena!" Jioni anairudisha.

Februari 2023 figo za dada zilianza kushindwa. Mwezi Novemba, dada akiwa amelazwa hospitalini, shemeji aliketi kando ya kitanda chake akaungama yote.

Dada akatabasamu. "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nikamwambia daktari awe anakuja mapema dakika ishirini."

"Ala! Sasa mlikuwa mnacheka nini?"

"Wewe, unavyotoka mbio na saa yako ya uongo."

"Na kabla ya hapo?"

"Hayo ni yangu."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Siku ya nne, tarehe 9 Novemba, saa tisa mchana, dada alituacha.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake watatu, na mwenzake wa darasa, ambaye leo atamuaga kwa Kiitaliano. Shemeji amekubali, mradi kila neno lifasiriwe, hata lisilochekesha.

Saa ya ukutani haisogezi tena. Sasa inasema kweli hata Jumamosi. Dada yetu na apumzike kwa amani, bila wa kumhesabia dakika.