Mablanketi ya Mapacha

Fundi cherehani alipanda basi akitaka kusinzia tu, lakini maneno ya kiti cha mbele yakamkatiza usingizi. Mzee mmoja aliyepakata mfuko mkubwa alikuwa akijisifu kwa dada asiyemjua. "Wajukuu mapacha, wamezaliwa leo alfajiri! Mablanketi yao nimeyakausha mwenyewe kwa mashine. Shika, bado yana joto."

Dada akazamisha mkono mfukoni hadi kiwiko. Kumbe alikuwa dobi wa hoteli. "Babu, ya juu yana moto, ya katikati mabichi. Ulitia mangapi kwa mara moja?"

"Yote kumi na mawili. Na yaliingia!"

"Ile ni mashine, si gunia! Nguo zinataka nafasi ya kugeuka, hewa ipite. Na chujio la mlangoni, lile linalonasa manyoya ya nguo, ulilisafisha?"

Mzee akakuna kidevu. "Mashine ninayo mwaka wa tatu, binti yangu, na hilo chujio hatujawahi kuonana."

Basi zima likaangua kicheko. Dobi yeye hakucheka. Aligawa mablanketi, moja kila dirisha, na fundi naye akajikuta ameshika la manjano, linapepea nje. Watu wazima wale, kila mmoja aling'ang'ania blanketi lake kana kwamba mapacha ni wa kwake.

Basi liliposimama hospitali, mzee aliyakusanya, akayapapasa moja moja, uso ukamng'aa.

"Makavu kabisa!" akamwambia dobi, mguu mmoja ukiwa tayari chini. "Si nilikwambia mashine yangu haina neno?"